Jua, Mwezi na Nyota katika Majina ya Nyimbo Zetu



Katika usharika wetu tumezoea kukutana jioni ya Alhamisi kwa ajili ya nyimbo. Huo si wakati wa mazoezi ya kwaya. Ni mkutano wa wote, wazee kwa vijana, na kila mara twaweka sharti moja dogo ili watu wafikiri kabla ya kuchagua. Safari moja sharti lilikuwa hili: kila mtu ataje wimbo aupendao, ambao jina lake lina mmojawapo wa mianga ile ya mbinguni tusomayo habari zake katika Mwanzo 1, yaani jua, au mwezi, au nyota; tena aseme kwa nini aupenda. Mwanzo ulikuwa wa kupendeza. Vijana walikimbilia nyota ya Bethlehemu, karibu wote. Mzee mmoja wa kanisa alitaja wimbo wa jua la asubuhi, akasema kwamba huuimba aendapo shambani, na jembe huwa jepesi.

Kisha ikafika zamu ya mama mmoja ambaye mwaka uliotangulia alimzika mwanawe. Akasimama akasema, "Mchungaji, mimi sina wimbo wa namna hiyo. Zamani niliupenda ule wa nyota ya asubuhi. Sasa naona ni wimbo wa watu waliolala usingizi." Akaketi.

Sisi tukamjibu upesi, kama wafanyavyo wachungaji wanaoogopa kimya. Tulimwambia aimbe kwa imani, na furaha itakuja nyuma. Hakujibu neno. Tukafunga mkutano kwa sala, na njiani kurudi nyumbani tuliona haya, kwa maana tulikuwa tumemjibu pasipo kujua habari za wimbo wenyewe. Chuoni tulifundishwa kuuimba kwa sauti nne, tukaonywa mara nyingi tusiushushe. Lakini hatukukumbuka kuuliza ni nani aliyeutunga, wala alikuwa akitazama nini alipokuwa akiandika. Basi tukatafuta, na hayo tuliyoyapata ndiyo somo la mwezi huu.

Kwa Kijerumani wimbo ule waitwa Wie schön leuchtet der Morgenstern, yaani jinsi nyota ya asubuhi inavyong'aa kwa uzuri. Aliyeutunga ni Philipp Nicolai, mchungaji wa Kilutheri, aliyezaliwa mwaka 1556. Katika mwaka 1596 aliitwa kuwa mchungaji wa mji wa Unna, katika nchi ya Westfalen. Hakuwa amekaa huko muda mrefu tauni ilipoingia mjini, mwaka 1597. Ulikuwa mji mdogo, nao ukapoteza watu zaidi ya 1,000. Nyumba ya mchungaji ilikuwa karibu na makaburi, hata kila alipotazama nje aliona mashimo yakichimbwa, na kila alipotoka alitoka kwenda kuzika. Wachungaji wenzetu waliowahi kuzika mara mbili katika siku moja wajua jinsi maneno yanavyokauka kinywani. Yeye alizika hivyo siku baada ya siku, mwezi baada ya mwezi.

Katika siku zile hakuacha kusoma wala kuandika. Alikitungia kitabu habari za uzima wa milele, akakiita Kioo cha Furaha, nacho kilichapwa katika mji wa Frankfurt mwaka 1599. Ndani ya kitabu hicho aliweka nyimbo chache, na mmoja wao ndio huu wa nyota ya asubuhi. Aliuita wimbo wa arusi ya kiroho, akaujenga juu ya Zaburi 45, ambayo ni zaburi ya arusi ya mfalme. Na nyota ni ile ya Ufunuo 22:16. Fikirini, ndugu, juu ya jambo hili: mtu amezungukwa na maiti, naye anatunga wimbo wa arusi! Hata baadaye Wakristo wa Ujerumani wakaupenda katika arusi zao, na wengi walioucheka na kuushangilia mbele ya bwana na bibi arusi hawakujua kwamba ulitoka mahali pa namna gani.

Hayo peke yake yangetosha kutuonya sisi tuliomjibu yule mama. Lakini liko jambo la pili, nalo limefichwa ndani ya wimbo. Una beti saba. Ukizitwaa herufi za kwanza za kila ubeti katika Kijerumani, kama zilivyopigwa chapa zamani, utapata hizi: W, E, G, V, H, Z, W. Nazo zasimama badala ya maneno haya: Wilhelm Ernst, Graf und Herr zu Waldeck, maana yake Wilhelm Ernst, mtawala na bwana wa Waldeck. (Zamani Wajerumani walitumia V mahali pa U, kwa hiyo asishangae mtu.) Huyo Wilhelm Ernst alikuwa kijana wa nyumba ya watawala wa Waldeck, na Nicolai alikuwa mwalimu wake. Alipelekwa Tübingen kusoma, akafa huko mwaka 1598, angali mdogo sana. Basi mwalimu akalitwaa jina la mwanafunzi wake, akaliweka katika vichwa vya beti, mahali ambapo mwimbaji hulitamka pasipo kujua.

Tena alifanya vivyo hivyo katika wimbo wake wa pili ujulikanao sana, ule wa walinzi wanaoita watu waamke, Wachet auf. Huo una beti tatu tu, nazo zaanza kwa W, Z na G. Zisome kutoka mwisho kurudi mwanzo: G, Z, W. Graf zu Waldeck. Kijana yuyo huyo. Johann Sebastian Bach, alipokuwa mkuu wa waimbaji katika mji wa Leipzig, alizitengenezea nyimbo hizi mbili muziki mkubwa wa ibada, ule wa nyota mwaka 1725 na ule wa walinzi mwaka 1731. Na watu wengi ulimwenguni wazijua kwa ajili yake. Nicolai mwenyewe alihamia Hamburg mwaka 1601, akafa huko mwaka 1608.

Sasa tuje kwa jua. Wimbo uliotajwa na mzee wetu wa shambani unatukumbusha ule wa Paul Gerhardt, Die güldne Sonne, jua la dhahabu. Gerhardt alizaliwa mwaka 1607 katika mji wa Gräfenhainichen. Alikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja vita ile ya miaka thelathini ilipoanza, naye alikuwa mtu mzima wa miaka zaidi ya arobaini ilipokwisha mwaka 1648. Mji wake wa kuzaliwa uliteketezwa na askari wa Sweden mwaka 1637. Kati ya watoto wake watano, wanne walikufa wangali wadogo. Alikuwa mchungaji katika kanisa la Nikolai mjini Berlin, naye mtawala wa nchi alitaka wachungaji watie sahihi ahadi ya kutowashambulia Wakristo wa Kireformati katika mahubiri. Gerhardt hakuwa mtu wa matusi, lakini dhamiri yake haikumruhusu kutia sahihi, akaondolewa katika kazi mwaka 1666. Mwaka ule ule wimbo wa jua la dhahabu ulitoka chapani, pamoja na tuni ya Johann Georg Ebeling, mwalimu wa nyimbo katika kanisa lile lile alilofukuzwa. Miaka miwili baadaye mkewe alikufa.

Yafaa kuusoma wimbo huu wote, beti zake zote kumi na mbili, wala si tatu za kwanza kama tulivyozoea. Wa kwanza ni mtu aliyelala ambaye sasa amesimama na kutazama juu. Lakini kadiri uendeleavyo, jua la angani laachwa nyuma. Watajwa upungufu wa mwanadamu, na vitu vyote vipitavyo, na mwisho msalaba na taabu ambazo zina kikomo. Tukikata beti za nyuma kwa sababu ya saa, twabaki na hali nzuri ya asubuhi tu. Pengine hii ndiyo sababu yule mama aliona ya kuwa nyimbo hizi ni za watu waliolala vizuri: sisi wachungaji ndio tuliozikata.

Hatutaki mtu adhani kwamba kila wimbo wenye mwanga ulizaliwa msibani. Wilhelm Hey, mchungaji wa Ichtershausen, aliwatungia watoto wimbo wa nyota katika mwaka 1837, Weißt du, wie viel Sternlein stehen, unaomwuliza mtoto kama ajua hesabu ya nyota. Ni wimbo wa kulala, wenye upole mwingi, nao wafaa shule ya Jumapili pamoja na Mwanzo 15:5 na Zaburi 147:4. Wala usiutafutie habari nzito. Watoto wetu waliupenda, hata mmoja akaenda nje kuhesabu, akarudi akisema amefika mia na mawingu yameingia.

Wimbo wa mwezi ndio uliotutaabisha kwa lugha. Ni ule wa Matthias Claudius wa Wandsbek, karibu na Hamburg, uliotoka mwaka 1779. Nayo tuni yake ni ya Johann Abraham Peter Schulz, ya mwaka 1790. Wajulikana kwa maneno yake ya kwanza, Der Mond ist aufgegangen. Tulipojaribu kuwaeleza watu jina hilo, kijana mmoja akauliza, "Mwezi gani, Mchungaji? Wa kwanza au wa pili?" Watu wakacheka. Mwingine akatoa neno, "Mwezi umeandama," lakini hilo halifai, kwa maana mwezi ukiandama ni mwezi mchanga, uonekanao magharibi kitambo kidogo kisha watua, nao huonyesha mwanzo wa hesabu ya siku. Mwezi wa Claudius umechomoza, umesimama juu ya msitu ulionyamaza, na ukungu mweupe watoka mashambani. Tukakubaliana kusema umechomoza.

Ndani ya wimbo huo mna mfano tuupendao kuliko mengine yote ya nyimbo hizi. Mtunzi atwambia tutazame mwezi: twaona nusu tu, na kumbe ni mviringo mzima. Kila mtu aliyelinda shamba usiku amewahi kuona jambo hili. Sehemu isiyoonekana haikuondoka mahali pake, ila haina mwanga machoni petu. Na mwisho wa wimbo, baada ya kumwomba Mungu usingizi wa amani kwa ajili ya nyumba yake, Claudius amkumbuka jirani aliye mgonjwa. Hapo ndipo wimbo wakoma, kwa mtu asiyelala. Tulipomwambia yule mama habari hizi baadaye, aliinamisha kichwa kana kwamba aliyasikia maneno ya mtu amjuaye.

Na tuseme neno moja juu ya Sonne der Gerechtigkeit, jua la haki, kwa kuwa una habari ya karibu nasi. Jina lake latoka katika Malaki 4:2 (wenye Biblia za Kijerumani huenda wakaliona neno hilo katika sura ya 3, aya ya 20, kwa maana wao wahesabu sura kwa njia nyingine). Beti zake ni za watu watatu wa nyakati mbalimbali, nazo zilikusanywa na mchungaji Otto Riethmüller mwaka 1932. Mmoja wa hao watatu ni Christian David, seremala, ndiye aliyekata mti wa kwanza katika kuujenga mji wa Herrnhut mwaka 1722. Kutoka kwa watu wa Herrnhut walitumwa ndugu wa Moravian waliofika Rungwe mwaka 1891. Na tuni yake zamani ilikuwa ya wimbo wa kidunia, kabla ya Ndugu wa Bohemia kuitwaa katika kitabu chao cha mwaka 1566. Wale wazee wetu wanaokasirika vijana wakileta tuni za ngoma kanisani na wakumbuke hilo, walau kidogo.

Alhamisi iliyofuata tuliwaeleza watu wote mambo ya Nicolai, na kwanza tulimwomba radhi yule mama mbele yao, kwa kuwa mbele yao ndipo tulipomjibu vibaya. Tuliandika zile herufi saba ubaoni kwa chokaa. Mama akasimama akaja karibu, akazitazama, akauliza, "Jina la kijana huyu liko wapi katika wimbo wetu wa Kiswahili?"

Tukamwambia kweli, kwamba halimo. Mwenye kutafsiri hulinda maana na tuni, na mara nyingi hawezi kuzilinda herufi pia; beti zetu zaanza kwa herufi nyingine, nazo hazisemi jina la mtu yeyote. Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza kama ni vibaya mtu akiweka jina la mwanawe hapo, moyoni, herufi kwa herufi, kila ubeti unapoanza. Tukajibu ya kuwa si vibaya.

Jina la mwanawe lina herufi sita. Akasema, "Basi, ubeti mmoja utabaki." Akaketi, akautaja wimbo huo kuwa ndio wimbo wake, nasi tukauimba wote, beti zote saba.