Je, Pan Am ilifanya vema kununua National?

Wengi wanafikiri kwamba kompanyi ikimeza nyingine, basi imekwisha kuongezeka nguvu. Tuangalie pamoja habari ya Pan American, ile watu walizoea kuita Pan Am.

Ilizaliwa mwaka 1927 huko Marekani, na mkubwa wake wa siku nyingi alikuwa Juan Trippe. Hata kwetu ilifika: mwanzo wa mwaka 1942 aviyo yake ya kutua juu ya maji, piloti wake Robert Ford, ilishuka juu ya mto Kongo pale Léopoldville, ikikimbia vita ya Pasifiki na kurudi New York kwa kuzunguka dunia.

Lakini Pan Am ilikuwa na kilema. Iliruka kwenda inchi za mbali, bali ndani ya Marekani yenyewe serikali haikuipa ruhusa ya kupeleka watu toka mji mpaka mji. Msafiri wa Denver aliyetaka kwenda Ulaya alipanda kwanza aviyo ya kompanyi nyingine, na baadhi ya kompanyi hizo zilivuka bahari nazo pia. Nani atakuletea mgeni, kama yeye mwenyewe ana nyumba ya kumlaza?

Juu ya hiyo, mwaka 1978 Pan Am ilitaka kununua National Airlines ya Miami. Haikuwa peke yake. Frank Lorenzo wa Texas International, kompanyi ndogo kuliko National yenyewe, alikwisha kununua sehemu nyingi, kisha Eastern nayo ikaingia. Wakashindana sawa watu wa mnada mpaka bei ikafika dolari 50 kwa sehemu moja. Pan Am ikashinda, na mwezi wa kwanza 1980 zote mbili zikawa kompanyi moja. Lorenzo aliuza sehemu zake, akaenda na faida kubwa bila kurusha hata aviyo moja ya National. Sisi tunaona yeye njo alifanya biashara nzuri kuliko wote.

Sasa Pan Am ilipata nini? Njia za National zilishuka zaidi toka kaskazini kwenda Florida, na nyingine toka Florida mpaka California. Miji ya katikati, pale wasafiri walipokosekana, ilibaki mbali vilevile. National ilileta aviyo za DC-10, na Pan Am ilikwisha kuagiza TriStar: aina mbili za kazi moja, vyuma vya akiba mbalimbali, mafundi wa kufundishwa mara mbili. Tena mishahara: watu wa National walipandishwa wafikie wale wa Pan Am, waliolipwa zaidi.

Na jambo lenye kuumiza ni hili. Mwezi wa 10 mwaka 1978, mashindano yakiendelea, Marekani ilitoa sheria mpya ya kufungua njia za ndani, polepole, kwa kila kompanyi. Kile Pan Am ilichokuwa inalipia mamia ya milioni za dolari, mlango wake ulianza kufunguka bure!

Wengine watajibu kwamba kuanza njia mpya toka sifuri ni kazi ya miaka. Neno hilo lina uzito, na hitaji la Pan Am lilikuwa la kweli. Bei ya petroli nayo ilipanda sana mwaka 1979, kisha biashara ikalegea. Hayo National haikuyaleta. Lakini yule mtu wa mnara katika Luka 14 anatakiwa kukaa na kuhesabu mbele ya kujenga, hasa kama fedha zake si nyingi. Kwa hesabu yetu, ununuzi huu ulikuwa hasara.

Mwaka 1981 Pan Am iliuza jengo lake la New York kwa dolari milioni 400 na oteli zake kwa milioni 500. Mwaka 1985 njia za Pasifiki zilikwenda kwa United, milioni 750. Ndipo bomu la Lockerbie, tarehe 21/12/1988, likaua watu 270. Tarehe 4/12/1991 Pan Am ilifunga kazi. Aviyo yake ya mwisho yenye wasafiri ilitoka Barbados, ikatua Miami, mji wa National.