Mbegu ya pareto usiizike

Vijana wa Mufindi mnaniuliza sana: "Afisa, mbona kitalu hakioti?" Jamani, mnazifukia mno! Mbegu ya pareto ni ndogo kweli. Ichanganye na mchanga mkavu, isie kwenye vifereji vya nusu sentimita, ipitishie udongo laini kiasi cha kuifunika tu, halafu tandaza nyasi kavu. Mwagilia taratibu kwa keni, ndoo itazisomba. Ikichomoza, ondoa nyasi, weka kichanja cha kivuli.

Mimi nasema sia Septemba, nyuma ya nyumba pale unapopaona kila siku. Miche hukaa kitaluni miezi 2 hadi 3. Ukichelewa, mvua za Desemba zinakukuta huna cha kupandikiza, na shamba la pareto huchumwa miaka 3 au zaidi. Panapotuama maji usipande, mizizi itaoza.