Mwenye Kudai na Mwenye Kukana

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Darsa zetu za baada ya Maghrib zimefika katika mlango wa madai na ushahidi, na mmoja wa wenzetu wa Ukunda ametuletea mas'ala ambayo yamekwisha kuwagawa watu wa mtaa wake pande mbili. Mtu aliegesha gari lake ujiani usiku, na asubuhi akaukuta ubavu wake umekwaruzwa tangu mlango wa mbele mpaka wa nyuma. Aliyeonekana kupita alfajiri ni kijana mchuuzi wa maji na mkokoteni wake wa mitungi. Hapana aliyemwona akiligusa gari. Hata hivyo, kufikia Adhuhuri jina lake lilikuwa likitajwa barazani, na kufikia Ijumaa wengi walikuwa wameacha kununua maji kwake. Wazee wamemshauri alipe nusu yamalizike, naye mwenye gari ameapa kwamba asipolipa atasomesha Halbadiri. Twaulizwa hukumu yake.

Ndugu msomaji, jambo la kwanza katika mlango huu ni Hadithi aliyoipokea Ibn Abbas (r.a.), ambayo Imamu Nawawi ameiweka ya thelathini na tatu katika Arubaini yake. Maana yake ni kwamba lau watu wangepewa kila wanachodai kwa kudai kwao tu, wangalidai mali za wenzao na damu zao. Lakini ushahidi ni juu ya mwenye kudai, na kiapo ni juu ya mwenye kukana. Asili ya mwanadamu ni kuwa dhima yake i safi, na atakaye kuichafua ndiye aletaye hoja. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi'i, dai la mali huthibiti kwa mashahidi wawili wanaume, au mwanamume mmoja na wanawake wawili, au shahidi mmoja pamoja na kiapo cha mwenye kudai. Kupita njiani si mojawapo ya hayo. Njia imewekwa ipitwe.

Hapo husemwa: je, dalili za mambo hazihesabiwi? Zahesabiwa, na Qur'ani yenyewe imetufundisha katika Suratu Yusuf, aya ya 26 hadi 28, pale kanzu ilipotazamwa ikaonekana imeraruliwa kwa nyuma, ikajulikana nani mkweli na nani mwongo. Lakini mwenye kuichukua kanzu ya Yusuf na akausahau unga wa Tu'ma amechukua nusu ya elimu.

Wafasiri wengi, wakieleza sababu ya kushuka Suratun Nisaa tangu aya ya 105, wametaja kwamba mtu wa Madina aitwaye Tu'ma bin Ubayriq aliiba deraya ya jirani yake. Deraya ilikuwa ndani ya mfuko wa unga, na mfuko ulikuwa na tundu, basi unga ukawa wamwagika njia nzima. Tu'ma akaenda akaiweka deraya kwa Yahudi mmoja. Alipoulizwa, aliapa kuwa hajui kitu. Watu wakaufuata unga, nao ukawafikisha kwa yule Yahudi, na deraya ikakutwa kwake. Jamaa zake Tu'ma wakaenda kwa Mtume (s.a.w.) kumtetea mtu wao. Aya zikashuka kumwondolea tuhuma yule asiye na kosa, na ya 112 ikaeleza uzito wa mzigo wa mtu afanyaye dhambi kisha akamtupia asiyeitenda. (Katika riwaya ya Tirmidhi majina ni mengine, na aliyesingiziwa huko ni Labid bin Sahl, mafunzo hayabadiliki.)

Tazama vizuri. Alama ilikuwapo, tena ya wazi machoni, na ilimwelekea asiye na hatia. Kanzu ilisema kweli kwa sababu ilitazamwa ilivyoraruka; unga ulidanganya kwa sababu watu walifuata ulikofikia wasiulize ulianzia wapi. Basi mwenye gari aliyetaka haki angalianza na gari lake. Mkwaruzo uko kimo gani, na ekseli ya mkokoteni ile iko kimo gani? Je, rangi ya kitu kilichogusa imebaki? Hewa yetu ya bahari hupandisha kutu upesi: bati lililokwaruzwa alfajiri hung'aa, na lililoanza kuwa jekundu lilikwaruzwa siku zilizopita, pengine gari likiwa limeegeshwa sokoni. Na siku hizi maduka mengi ya barabara ya Diani yana kamera. Lolote katika haya halikufanywa. Lililofanywa ni kutafuta mtu.

Na kwa nini hutafutwa mtu haraka hivyo? Sababu moja ni ya kidunia kabisa. Wenye magari wengi wamekata ile bima ya lazima tu, ya mtu wa tatu, ambayo humlipa aliyegongwa na gari lako wala haikulipi wewe kwa mkwaruzo ulioukuta asubuhi. Gharama ya fundi wa rangi ikikosa wa kuibeba, macho huanza kuzunguka mtaani, nayo hayamwendei mwenye nguvu. Humwendea mchuuzi, mpangaji, mgeni. Twawakumbuka jirani zetu Wamakonde wa Makongeni na kwingineko Kwale, walioishi hapa miongo mingi bila vitambulisho mpaka wakaenda Nairobi kwa miguu Oktoba 2016 kudai haki yao. Mtu wa hali hiyo akisingiziwa mkwaruzo, angalishtaki wapi? Alipaye kwa sababu hana pa kushtaki hakukiri kitu. Na aya za Suratun Nisaa zilishuka kumtetea Yahudi, katika mji wa Mtume, dhidi ya mtu aliyejihesabu Mwislamu.

Sasa tuje kwenye Halbadiri. Watu wa Badri, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yao, walitoka na Mtume (s.a.w.) Ramadhani ya mwaka wa pili wa Hijra wakapigania Tauhidi. Hawakuachiwa umma huu ili majina yao yatumwe kumsaka aliyekwaruza gari. Mwenye kusomesha atuambie: amwapiza nani? Ikiwa amjua, na alete ushahidi. Ikiwa hamjui, aomba balaa imshukie mtu gani? Na mara ngapi tumeona mtoto wa mtuhumiwa ameugua homa miezi mitatu baadaye, mtaa mzima ukasema, "Mwaona!", homa ikafanywa shahidi? Wanaokwenda kwa mganga kupigiwa ramli hali yao ni mbaya zaidi, kwani imethibiti katika Sahihi Muslim kwamba amwendeaye mpiga ramli akamuuliza kitu haikubaliwi Sala yake siku arubaini. Katika Kwale na Kilifi wako wazee waliouawa kwa kutajwa uchawi, na kutajwa huko mara nyingi hakukuwa na msingi ila neno la mganga. Mlango ni huo huo mmoja, haujali kama aliyeufungua alikuja na mkwaruzo wa gari au na maiti.

Ama kiapo, ndicho haki ya mwenye gari akikosa ushahidi, ila kina taratibu zake. Huapishwa mtu mbele ya hakimu, au mbele ya mtu ambaye wote wawili wameridhia awaamue, kwa jina la Mwenyezi Mungu. Hakuapishwi barazani kwa kelele na vidole. Mtuhumiwa akiapa, dai limekwisha. Akikataa kuapa, kwetu Mashafi'i hahukumiwi papo hapo, bali kiapo humrudia mwenye kudai, aape yeye kwamba huyu ndiye aliyeharibu. Hapo wengi hurudi nyuma, kwa kuwa ndimi zilizotaja jina barazani zaogopa kulitaja chini ya kiapo.

Na ile nusu ya wazee? Nia yao ni njema, lakini wameingia katika jambo zito. Suluhu pamoja na kukana, yaani mtu alipe hali angali akikana, ni batili katika madhehebu ya Imamu Shafi'i, ingawa Maimamu wengine watatu wameijuzisha. Kwa kauli ya madhehebu yetu, fedha hizo haziwi halali kwa mpokeaji ikiwa ajua hana hoja. Kijana akikiri, suluhu ni heri; asipokiri, asiombwe kununua amani yake.

Watu wamsukumao mwenye gari aende kwa Kadhi wa Kwale wajue kwamba Katiba ya 2010, kifungu cha 170, imewapa Makadhi hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu walioridhia, gari halimo. Dai la mali iliyoharibiwa lisilozidi shilingi milioni moja laweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016, na huko nako ataulizwa lile lile la Ibn Abbas, maana Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 107, yamtwika mzigo mwenye kudai. Akienda polisi kushtaki uharibifu wa mali, itabidi ithibitike kwamba ulikusudiwa.

Mwenye kulitaja jina la mtu barazani, kisha ikadhihiri hana hoja, hatoki kwenye dhambi yake kwa kumnong'oneza samahani mlangoni. Alipolisemea ndipo pa kulirudisha, mbele ya watu wale wale, na yule kijana auziwe radhi yake mwenyewe, si kupitia kwa mzee wa mtaa.

Darsa ijayo, inshaallah, ni juu ya dhamana ya kitu kilichoharibiwa bila kukusudia, na tutaanza na hukumu ya Daudi na Suleimani juu ya shamba lililoliwa usiku na mifugo ya watu, Suratul Anbiyaa, aya ya 78.