Kampuni ya Waholanzi na Mikarafuu ya Maluku



Wengi wetu twajua kuwa mkarafuu si mti wa asili wa visiwa vyetu. Asili yake ni Maluku, visiwa vidogo vilivyo mashariki ya Indonesia, kama vile Ternate, Tidore na Makian. Lakini ni wachache kati yetu walioelezwa vipi mkulima wa huko alivyonyang'anywa mti wake na kampuni ya wafanya biashara, na khabari hiyo yatupasa sisi kuijua kuliko watu wengine.

Mwishoni mwa karne ya 16 miji kadhaa ya Uholanzi ilikuwa na kampuni zake za kupeleka merikebu Mashariki. Zilipofika Maluku zilipandishiana bei katika kununua, na ziliporudi kwao ziliteremshiana bei katika kuuza. Mkulima alifaidika, wao wakaona khasara. Basi tarehe 20 Machi, 1602, Serikali yao ikaziunganisha zote zikawa Kampuni moja. Mtaji wake ulikuwa karibu gilda 6,400,000, na wakuu wake wakiitwa Mabwana Kumi na Saba. Hati yake iliwapa wao peke yao, kwa miaka 21, biashara yote ya Uholanzi upande wa mashariki ya Rasi ya Tumaini Jema, na juu ya hayo ruhusa ya kujenga ngome, kuweka askari na kufanya mapatano na wafalme. Kwa ufupi, lilikuwa duka lenye mizinga.

Mwaka 1605 Kampuni iliwatoa Wareno katika ngome ya Ambon. Mwaka 1607 watu wa Ternate, waliokuwa wamebanwa na Wahispania, wakakubali kupewa ulinzi, na malipo yake ni kuwa karafuu zao wauziwe Waholanzi tu. Twawaomba wanachama wayatazame vyema mapatano hayo. Ulinzi ulilipwa kwa karafuu, na mwenye kuchuma karafuu siye aliyetia sahihi.

Tokea hapo mambo yakawa mazito. Zamani Wajava na watu wa Makassar walikuja na mchele na nguo, wakaondoka na karafuu. Sasa mnunuzi alikuwa mmoja, na bei ilikuwa yake. Wakulima wakawa wanaendelea kuwauzia watu wa Makassar kwa siri, kwa kuwa walilipa vizuri zaidi. Kampuni iliyaita hayo magendo, neno ambalo kwetu halihitaji tafsiri.

Mkubwa wao Jan Pieterszoon Coen alikuwa keshaonyesha mwaka 1621 alivyo tayari kufanya. Alivishambulia visiwa vya Banda, penye kungumanga, na wenyeji wake karibu wote wakauawa, wakafa njaa au wakahamishwa.

Katika karafuu dawa yao ilikuwa shoka. Kulinda visiwa vyote kuliwashinda, na karafuu nyingi ziliteremsha bei Ulaya. Mwaka 1652 Sultani Mandarsyah wa Ternate alitia sahihi mikarafuu ya nchi zake ikatwe, na kila mwaka yeye na wakuu wake walipwe fedha. Fedha zilikwenda kwa Sultani, shoka likaenda shambani. Watu wa Hoamoal, upande wa magharibi wa kisiwa cha Seram, walipigana mpaka mwaka 1656, wakashindwa, wakahamishwa kwao. Baada ya hapo mikarafuu iliruhusiwa Ambon na visiwa vichache vya jirani tu.

Kila mwaka ulitoka msafara wa mitumbwi mikubwa, ulioitwa hongi, kutafuta mikarafuu iliyofichwa na kuikata. Nao wapiga makasia walikuwa watu wa vijiji vya Ambon, yaani wakulima wa karafuu wenyewe, wametolewa makwao kwa lazima kwenda kukata miti ya wakulima wenzao. Sisi hatuoni katika tarikhi yote hii jambo zito kuliko hili.

Hata wale wa Ambon hawakustarehe. Karafuu zikipungua huamriwa kupanda, zikizidi huamriwa kukata. Mwanachama yeyote anayejua miaka mingapi mkarafuu huchukua kabla ya kuzaa atapima mwenyewe uzito wa amri kama hiyo.

Ukiritimba huo ulivunjwa na miche. Mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre, aliyekuwa mmoja wa wakuu wa serikali huko Mauritius, alifanikiwa kuletewa miche ya mikarafuu kutoka pande za Maluku. Kampuni yenyewe ilizama katika madeni, ikamalizika mwisho wa mwaka 1799. Kutoka visiwa hivyo vya Wafaransa karafuu zilifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na anayetajwa kuzileta ni Saleh bin Haramil el-Abry. Walioipanda mikarafuu hiyo kwa wingi, Unguja na Pemba, walikuwa watumwa, na khabari zao tutazieleza, inshaallah, katika toleo jengine.