SOMO LA KIKUNDI: Mwanga Unaovuja Pembeni mwa Kioo



Siku hizi vikundi vyetu vingi vinaweka hesabu katika simu au tableti. Michango, mikopo na akiba za watu zimo humo. Basi chombo hicho kikiharibika, si shida ya mweka hazina peke yake, ni yetu sote.

Katika kikundi kimoja tulichotembelea, tableti ilikuwa na mwanga mweupe kwenye pembe moja ya kioo. Kila mkutano mweka hazina alibonyeza hapo kwa kidole gumba ili mwanga upungue. Wengine walisema kioo kimekufa, pesa za mfuko zitolewe kinunuliwe kingine. Fundi alipofungua alikuta kioo ni kizima. Betri ndiyo ilikuwa imevimba, inasukuma kioo kutoka chini. Kule kubonyeza kungeweza kuleta moto.

Kwa nini mwanga huvuja?

Kioo cha aina ya LCD hakitoi mwanga chenyewe. Kinaangazwa na taa ndogo ndogo zilizo ukingoni au nyuma yake, nacho kazi yake ni kuziba au kupitisha mwanga huo. Kikibanwa upande mmoja, au fremu ikiacha nafasi, mwanga hupenya. Kioo cha OLED hakina taa ya nyuma, kwa hiyo hakina ugonjwa huu.

Tuchunguze hivi

1. Ingieni chumba chenye giza. Fungueni picha nyeusi tupu.
2. Tazameni kutoka mbele, kisha inamisheni chombo kidogo. Mng'ao ukihamahama, hiyo ni tabia ya kioo tu. Ukikaa pale pale, mwanga unavuja.
3. Kilazeni chali juu ya meza iliyo sawa. Kikiyumbayumba, au kioo kimeinuka kwenye fremu, shukuni betri.

Kama betri imevimba

Zimeni mara moja. Msichaji, msibonyeze, msitoboe. Wekeni mahali pakavu, mbali na watoto na vitu vinavyoshika moto, kisha mpelekee fundi abadilishe betri. Ile mbovu achiwe fundi. Isitupwe chooni wala kwenye moto wa takataka.

Kama betri ni nzima

Kwanza, vueni kava inayobana, mkae siku chache bila kava mwone. Pili, zimeni chombo, mpanguse ukingo polepole kwa kitambaa laini bila kukandamiza. Tatu, mwombeni fundi alegeze kidogo skrubu zilizokazwa kupita kiasi, au abandike tepu nyeusi nyembamba penye nafasi ya fremu. Mwanga kidogo ukibaki, vumilieni. Hauharibu hesabu, na pesa ya kioo kipya inaweza kumsaidia mwanachama mwenye shida.

Kabla ya kumpa fundi chombo, nakilini hesabu zote kwenye daftari, watu wawili wakishuhudia.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tunaongeza: kabla ya kuziba, jueni ufa umetoka wapi.

Maswali ya kujadiliana

1. Tableti yetu ikizimika leo, daftari letu linaonyesha hesabu za mpaka lini?
2. Nani kati yetu ana ruhusa ya kuipeleka kwa fundi, na ataandamana na nani?
3. Kikundi kimetenga pesa za matengenezo?