Somo la Nyoka Mla Koa



Asubuhi moja, mvua ilipokwisha kukatika, tulikuwa tukipita kando ya mashamba huko Isongole, tukasikia kelele: "Nyoka! Nyoka!" Tulipofika tulimkuta kijana ameinua jembe, na mama yake amesimama mbali. Chini ya majani ya kabichi alilala nyoka mdogo, mfupi kuliko mkono wa mtu mzima. Tukasema, "Ngoja kwanza, mwanangu, tumtazame." Akajibu, "Baba, nyoka hatazamwi, huuawa." Neno hilo tulilisikia tangu utoto, na sisi wenyewe tulilitii miaka mingi. Basi tukasimama mbali kidogo, tukatazama.

Yule nyoka hakuinua kichwa wala hakutoa sauti. Alijiviringa, kunja juu ya kunja, hata akawa kama ngata ya kubebea mtungi, na kichwa chake akakificha katikati. Hiyo ndiyo ngao yake yote. Tulipokaa kimya kitambo, kichwa kikatokea, ulimi ukachezacheza, akajikunjua polepole. Akafuata ute wa koa uliong'aa juu ya udongo, akaingia majanini. Kijana akateremsha jembe, akasema, "Kumbe yeye ndiye anayetuogopa!"

1. Umbo na chakula chake

Huyu ni nyoka mla koa. Mgongo wake ni wa hudhurungi, na tumbo lake ni jeupe-jeupe. Ukoo wake wataalamu waujua tangu zamani. Mmoja wa ukoo huo aliandikwa na Carl Linnaeus wa Sweden mwaka 1758. Hupenda nchi za baridi na unyevu, penye majani mengi. Chakula chake ni koa, yaani konokono wasio na nyumba, na konokono wenye nyumba pia, ambao huwavuta nje ya magamba yao. Huwatafuta kwa kufuata ute wao. Hatagi mayai, bali huzaa watoto walio hai. Kila mwenye bustani ajua jinsi koa walavyo miche usiku. Basi amwuaye nyoka huyu amwua mlinzi asiyedai mshahara.

2. Jinsi ajilindavyo

Hana sumu ya kumdhuru mtu, wala si desturi yake kuuma. Akisumbuliwa hujiviringa kama tulivyoona. Akikamatwa hutoa harufu mbaya ili aachwe. Yuko mwingine asiye na sumu, naye ni nyoka mla mayai, lakini njia yake ni kinyume kabisa. Huyo hujikunja na kusugua magamba yake ya ubavuni mpaka yatoe sauti ya kukwaruza, hufumbua kinywa cheusi, na kuruka mbele kama atakaye kuuma. Hayo yote ni vitisho tu. Mmoja hujificha, mwingine hutisha. Wote wawili hawana silaha.

3. Onyo

Hapa tuangalie sana. Mtu asiseme, "Nimefundishwa kwamba nyoka aliyejikunja hana neno." Kifutu naye hujikunja, tena hulala kimya njiani, na sumu yake huua. Milima yetu pia ina kipiri wa vichakani ambaye Charles Bogert alimwandika mwaka 1940, akampa jina la kitaalamu lililotokana na Rungwe. Kwa hiyo hatuwafundishi watoto kushika nyoka yeyote. Twawafundisha kusimama, kurudi nyuma, na kumwachia njia.

Mtu akiumwa, msimchanje, msimnyonye jeraha, wala msimfunge kamba ya kukaza. Mvueni pete na bangili, mlazeni atulie, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, kisha mchukueni upesi hospitalini. Msimngoje mganga, wala msipoteze saa kwa kumfuata nyoka porini.

4. Neno la kukumbuka

Wengine husema kwamba nyoka wote ni adui wetu tangu Edeni. Lakini huyu mdogo wa bustanini ni kiumbe cha Mungu kama wengine, na hakumkosea mtu. Hofu haina macho: yamwua asiye na kosa kwa jembe lile lile limwualo mwenye sumu. Tena mtu aweza kuumwa kwa kumsogelea nyoka ili ampige. Basi mwenye kusimama mbali na kutazama hupata faida mbili: yeye apona, na mlinzi wa kabichi zake apona.

Maswali kwa walimu na wanafunzi

1. Nyoka mla koa hufanya nini aogopapo?
2. Nyoka mla mayai hutishaje, na kwa nini vitisho vyake ni bure?
3. Kwa nini haifai kumshika nyoka hata akijikunja kimya?
4. Mtu aliyeumwa atendewe nini, na asitendewe nini?