Mama Kavunjika Nyonga, Msimwache Alale Tu

Mdogo wangu wa Tanga, ujumbe wako nimeusoma. Mama ana miaka 76, kateleza uani alfajiri akienda kutawadha, na mguu wa kulia haukanyagi. Picha imeonyesha shingo ya mfupa wa paja imevunjika. Kaka zako wanasema mtu wa umri huo hapasuliwi, arudishwe kijijini kwa muunga mifupa, alale mpaka mfupa ushike. Unaniuliza kama wako sahihi.

Hapana, mdogo wangu. Nakujibu haraka kwa sababu siku zinahesabika.

Mzee aliyevunjika nyonga akilala chali wiki baada ya wiki, kifua hujaa makohozi na nimonia huingia. Damu huganda miguuni, na bonge likisafiri hadi kwenye mapafu linaweza kuua ghafla. Matako na visigino hutoka vidonda. Hamu ya chakula huisha, misuli hunyauka. Halafu msibani watu husema mzee alichoka, ulikuwa umri wake. Inaniuma sana kila nikisikia hivyo, maana mengi ya hayo huletwa na huko kulala chali. Uingereza hospitali huangaliwa kama zimemfikisha mgonjwa wa nyonga chumba cha upasuaji ndani ya saa 36. Kwetu foleni, vifaa na fedha huchelewesha, lakini kuchelewa siku kadhaa si sababu ya kumrudisha mama nyumbani.

Umri peke yake haumzuii. Wapo wa miaka 80 na 90 wanaopasuliwa. Daktari wa usingizi atapima moyo, kifua, presha, sukari na figo, na mara nyingi atatumia ganzi ya mgongoni, mama akiwa anapumua mwenyewe. Sikufichi: upasuaji una hatari zake, na wapo wagonjwa dhaifu mno ambao madaktari wenyewe hushauri wasipasuliwe. Ila neno hilo litoke kwa aliyempima mama, lisitoke kwenye kikao cha ukoo.

Muunga mifupa simdharau. Tatizo ni kwamba shingo ya paja imejificha ndani ya nyama nene, banzi haliifikii. Tena mishipa midogo inayolisha kichwa cha mfupa imepita kwenye shingo hiyo hiyo. Ikikatika, kichwa hukosa damu na kinaweza kufa hata kama mfupa umekaa sawasawa. Ndiyo maana kwa wazee, mfupa ukiwa umeachana, daktari hukitoa kichwa na kuweka cha bandia, au huweka nyonga nzima ya bandia. Mvunjiko ukiwa chini ya shingo, damu huwa inafika vizuri zaidi, na chuma chenye skrubu hutosha. Muulizeni daktari wa mama ni upi, na atawekewa nini.

Kuhusu fedha, nendeni leo kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Tanzania ina msamaha wa matibabu kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, katika vituo vya serikali. Ulizeni waziwazi kama kifaa cha nyonga kimo ndani ya msamaha au bima, kwa sababu mara nyingi hapo ndipo gharama kubwa ilipo. Mkipewa rufaa kwenda hospitali ya KCMC Moshi au taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili, msikae nayo wiki nzima mkichangishana nauli. Na ndugu wawe tayari kuchangia damu.

Sasa nisikilize kwa makini, maana hapa ndipo familia nyingi zenye upendo huharibu. Kesho yake baada ya upasuaji, mtaalamu wa mazoezi tiba atataka mama akae, asimame, ikiwezekana apige hatua kwa kitembezi. Mama atalia. Wewe utataka kusema muacheni apumzike. Usiseme. Omba apewe dawa ya maumivu nusu saa kabla ya mazoezi, umshike mkono, asimame. Kitandani achezeshe nyayo juu na chini na kukaza misuli ya paja, mara nyingi kwa siku.

Usiku anaweza kuchanganyikiwa, akaita marehemu au asikutambue. Hutokea sana kwa wazee baada ya kuvunjika na kupasuliwa. Msikimbilie kusema karogwa. Mwambieni daktari, atafute maambukizi, upungufu wa maji, dawa iliyomkoroga au mkojo uliobana. Mpeni miwani yake, na akae na mtu anayemjua.

Nyumbani, kigoda kiondoke. Aliyewekewa nyonga ya bandia mara nyingi huambiwa kwa wiki kadhaa asiketi chini, asichuchumae, asipandanishe miguu, wala kuinama kuokota kitu, kwani nyonga inaweza kuchomoka. Masharti hutegemea upande ambao daktari alipasulia, kwa hiyo yaulizeni kabla hamjaruhusiwa. Choo cha kuchuchumaa ni shida. Fundi seremala atawatengenezea kiti imara chenye tundu. Swala aiswali juu ya kiti. Akifikia kutumia mkongojo mmoja, aushike mkono wa upande wa mguu mzima. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda, mguu mgonjwa hutangulia kushuka.

Mguu ukivimba, pumzi zikimkata, kidonda kikitoa usaha, au mguu ukipinda ghafla kwa maumivu makali, rudini hospitali siku hiyo hiyo. Msichue.

Wasomaji wengine mnaouguza wazee, jueni kwamba nyonga iliyovunjika wakati mwingine humfanya mgonjwa alalamikie goti. Mzee akianguka, mguu ukaonekana mfupi na unyayo umegeukia nje, apigwe picha ya nyonga hata kama anaonyesha gotini.

Turudi kwako, mdogo wangu: jambo ambalo hospitali zenye msongamano huweza kulisahau ni mifupa yenyewe. Mfupa mzima kwa kawaida hauvunjiki kwa kuteleza tu ukiwa umesimama. Baada ya hedhi kukoma, mifupa ya mwanamke hupungua uimara. Mwombe daktari amwandikie mama dawa ya mifupa, pamoja na kalsiamu na vitamini D zikihitajika. Akipewa alendroneti, aimeze asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji, na asilale kwa nusu saa. Ale dagaa, mayai, maharage, maziwa. Macho yapimwe, na dawa zake za presha na usingizi ziangaliwe kama zinampa kizunguzungu.

Atachukua miezi, na huenda mkongojo ukabaki naye. Usiubebe mzigo huu peke yako kwa kuwa wewe ndiye binti. Siku ya kuruhusiwa waite kaka zako wote wodini, mtaalamu wa mazoezi awaonyeshe namna ya kumwinua mama na kumtembeza, kisha mpangiane zamu hapo hapo, asubuhi na jioni, na jina la kila mmoja liandikwe kwenye karatasi.